Klabu ya vijana: historia na fasihi ya Wamarekani Weusi tuianzie wapi?

Kitabu_Mkononi

Heshima kwenu wadau. Naandaa klabu ya kusoma ya vijana wa miaka 13 hadi 16, kama 24 hivi. Tutakutana mara moja kwa wiki, dakika 80, kwa wiki kumi. Mada ni historia na fasihi ya Wamarekani Weusi. Kiingereza chao cha kusoma ni cha wastani, majadiliano yatakuwa kwa Kiswahili.

Mipango mingi inayozunguka mtandaoni ni ya aina mbili. Kuna gwaride la mashujaa: leo Harriet Tubman, kesho Martin Luther King, keshokutwa Rosa Parks, picha ukutani, kwisha. Halafu kuna kilio cha mwanzo hadi mwisho, meli, mjeledi na kamba, mpaka kijana anatoka na huruma tele lakini hawezi kueleza jambo lilianzaje wala watu walipambana nalo vipi. Yote mawili siyataki.

Naomba msaada kwenye haya: nianzie wapi, maandishi gani yanabebeka kwa umri huo, ukatili niuguse kwa kiasi gani, na niwape kazi gani ya kuandika. Pesa ya kununua vitabu hakuna, ni fotokopi tu.

Chaki_Nyeupe

Mkuu, anza na fumbo la hesabu. Andika ubaoni tarakimu nne bila maelezo: milioni 12.5, milioni 10.7, 388,000 na milioni 3.95. Ndipo ueleze. Ya kwanza ni makadirio ya watu waliopakiwa melini kutoka Afrika kuvuka Atlantiki. Ya pili ni waliofika wakiwa hai. Ya tatu ni waliopelekwa moja kwa moja katika eneo ambalo sasa ni Marekani, na ya nne ni watumwa waliohesabiwa huko katika sensa ya 1860.

Hapo pana mishtuko miwili. Vijana karibu wote hudhani wengi walipelekwa Marekani, kumbe walio wengi mno walikwenda Brazili na visiwa vya Karibi. Wa pili ndio wenye faida zaidi kwako: Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kuanzia 1 Januari 1808. Sasa watu wasiofika laki nne waligeukaje kuwa karibu milioni nne? Waache wabishane dakika kumi kabla hujasema chochote.

Jibu linapitia kwenye sheria. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mwenye shamba mwenyewe. Yaani kila uzazi ukawa mali ya bwana. Ongeza mashine ya kuchambua pamba ya 1793, ambayo ilifanya pamba ilipe hata mbali na pwani, na utaona kwa nini watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wengi wao kwa kuuzwa, kutoka majimbo kama Virginia na Maryland kwenda Mississippi, Alabama na Louisiana. Kijana akiishika hiyo, hatauliza tena kwa nini familia zilitenganishwa. Atajua ni biashara ilivyoendeshwa, na atajua ilikuwa na sheria nyuma yake.

Kipindi cha pili mpe ushahidi wa upande wa waliouzwa. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), watu walioachwa huru walitangaza magazetini wakitafuta ndugu zao. Gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na safu nzima kwa kazi hiyo, ikiitwa Lost Friends, tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Asiye mteja wa gazeti alilipa senti 50, na wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo makanisani. Taasisi ya Historic New Orleans Collection imeyaweka mtandaoni bure.

Chapisha matangazo sita, moja kwa kila kundi la watu wanne, na kalamu za rangi nne: majina ya ndugu, majina ya mabwana, mahali, miaka. Wakishapaka rangi, wachore njia ya yule mtu kwenye ramani. Pana pa kukwama: mtu mmoja anaweza kuonekana na majina ya ukoo mawili au matatu. Vijana watasema gazeti limekosea. Hapana, kila alipouzwa jina la bwana mpya lilimfuata, na baada ya uhuru wengi walijichagulia jina jingine kabisa. Ndiyo maana aliyetangaza alilazimika kutaja mabwana wote kwa mpangilio, maana bila hao ndugu yake asingemtambua. Usiwape jibu hilo mapema, maana kuna kundi litaling'amua lenyewe, na mara nyingi si lile unalolitegemea.

Tahadhari ya tarehe: tangazo la uhuru la Rais Lincoln la 1 Januari 1863 liligusa majimbo yaliyoasi tu. Texas habari ilitangazwa rasmi Galveston tarehe 19 Juni 1865, na Kentucky na Delaware utumwa uliendelea kisheria hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865. Ukisema "Lincoln aliwaachia wote 1863", matangazo yenyewe yatakuumbua.

Bi_Wino

Nichukue upande wa fasihi. Sheria ya kwanza: usigawe kitabu kizima. Kurasa mbili tatu zikisomwa mara mbili kwa sauti zina faida kuliko sura tano za kukimbizana.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa akawa mwandishi, masimulizi yake ya 1845, sura ya 7. Hii ndiyo nguzo ya klabu nzima. Inaeleza alivyojifunza kusoma na kuandika Baltimore baada ya mke wa bwana wake kuacha kumfundisha. Vijana wengi huambiwa tu kwamba "alijifundisha mwenyewe" na wanapita. Wasimamishe. Waambie waorodheshe kila mwalimu na kila kifaa kilichotajwa katika sura hiyo. Watapata mikate aliyobeba na kuwapa watoto wa Kizungu maskini, naye wakamlipa kwa masomo. Watapata kiwanda cha meli, ambako mafundi waliandika herufi kwenye mbao: L kwa upande wa kushoto wa meli, S kwa upande wa kulia, L.F. kwa kushoto mbele. Akazikariri herufi zile, kisha akawachokoza watoto kwamba yeye anaandika kuwashinda, nao katika kumwonyesha umahiri wakamfundisha zaidi. Daftari lake lilikuwa ua wa mbao, ukuta wa matofali na barabara, kalamu yake bonge la chaki.

Swali la kuuliza hapo: kwa nini hawataji wale watoto kwa majina, ilhali anasema angependa? Jibu limo ndani ya sura. Kisha ruka hadi sura ya 11, anapokataa kusimulia alivyotoroka 1838, kwa sababu kusema kungewafungia njia walio nyuma yake. Hadithi ya utoro wenyewe aliitoa 1881, utumwa ulipokwisha. Kijana akiona mwandishi anaamua nini aseme na nini afiche, ameanza kusoma kama msomaji mzima.

Phillis Wheatley. Alifikishwa Boston 1761 akiwa na miaka saba au minane, kitabu chake cha mashairi kikachapwa London 1773. Shairi lake la kuletwa kutoka Afrika lina mishororo minane tu, lakini likisomwa peke yake linawakasirisha vijana, kwa kuwa anaita safari ile rehema. Walimu wengi huliacha kwa sababu hiyo. Mimi nasema liwepo, ila uliweke sambamba na barua yake ya 1774 kwa mchungaji Samson Occom, iliyochapwa magazetini, ambamo anasema wazi kuwa Mungu amepanda upendo wa uhuru katika kila kifua cha mwanadamu. Shairi aliliandika akiwa mtumwa, barua akiwa ameachwa huru. Waulize nani angesoma kila moja, na aliyeandika angepoteza nini. Warudishe pia kwenye mishororo minne ya mwisho ya shairi. Kuna wanaokemewa mle, na si Waafrika.

Sojourner Truth, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, hotuba ya haki za wanawake ya Akron, Ohio, 1851. Hapa ndipo pazuri pa kufundisha ushahidi. Kuna matoleo mawili. La kwanza lilichapwa na Marius Robinson Juni 1851, wiki chache baada ya hotuba. La pili, lenye ule mwito maarufu wa kuuliza kama yeye si mwanamke, liliandikwa na Frances Gage 1863, miaka 12 baadaye. Mwito huo katika toleo la Robinson haumo. Gage amemwandikia lafudhi ya watumwa wa kusini, ilhali Truth alizaliwa New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Wape wawiliwawili matoleo yote, wapige mstari yanapokubaliana kwa rangi moja, yanapotofautiana kwa nyingine. Onyo: usiseme mwanzoni lipi la kuaminika zaidi. Ukisema, kazi imekufa.

Langston Hughes, shairi la mito la 1921, "The Negro Speaks of Rivers". Ni fupi, linataja Frati, Kongo, Nile na Mississippi. Msomaji mmoja asome, wengine wafuate kidole kwenye ramani. Usilichambue sana siku hiyo, lina nguvu likisikika. Paul Laurence Dunbar na shairi lake la barakoa, mishororo 15, linafaa kulikariri.

Mkondo

Naunga mkono, ila niongeze kuhusu ukatili maana wengi huharibia hapo.

Usifanye maigizo ya mnada wala ya meli. Hata kama "yanafundisha hisia". Kinachotokea ni kimoja kati ya viwili: vijana wanacheka kwa aibu, au mmoja anabeba nafasi ya mtumwa mbele ya wenzake na jina linamganda mpaka mwaka unaisha. Na wanajifunza uongo, kwa sababu dakika tano za kubanwa sakafuni hazifanani na wiki sita au zaidi baharini, ila kijana ataondoka akidhani ameonja.

Picha za watu walionyongwa na magenge ya Wazungu: nyingi zilipigwa na kuuzwa kama kadi za posta na upande wa waliotenda. Ukiibandika ukutani unaendeleza kazi ya aliyeipiga. Jambo lenyewe lisikwepwe. Tumia maandishi ya Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyeanza kuchunguza mauaji hayo baada ya rafiki yake na wenzake wawili, wenye duka la vyakula Memphis, kuuawa 1892. Alichofanya ni kuhesabu: alichukua takwimu zilizochapwa na magazeti ya Wazungu wenyewe, akaonyesha kwamba kisingizio cha ubakaji hakikutajwa hata kidogo katika kesi nyingi. Kijana wa miaka 14 anaelewa vizuri mno ujanja wa kumshtaki mtu kwa takwimu zake mwenyewe.

Tusi la kibaguzi dhidi ya Weusi lililomo katika maandishi ya zamani: mkubaliane kipindi cha kwanza. Karatasi isifutwe, lakini anayesoma kwa sauti aruke neno hilo. Sura ya 6 ya Douglass inalo, kinywani mwa bwana wake. Usilichanganye na neno "Negro" la Hughes, ambalo enzi zake lilikuwa la heshima. Dakika tatu za maelezo zinatosha.

Jingine. Kuna mahojiano zaidi ya 2,300 ya waliokuwa watumwa, yaliyokusanywa 1936 hadi 1938 kwa mradi wa serikali ya Marekani, yako Maktaba ya Bunge la huko, bure. Ni hazina, lakini yana mtego. Wahoji wengi walikuwa Wazungu, wakati mwingine kutoka familia za mji uleule. Wahojiwa walikuwa wazee waliokuwa watoto wakati wa utumwa, na walihojiwa katika miaka ya njaa na ukosefu wa kazi, wengine wakidhani mgeni ameleta habari za pensheni. Mzee akisema bwana wake alikuwa mwema, kijana asiyejua hayo atameza kama ilivyo. Kabla ya kusoma, waandike juu ya karatasi: nani anauliza, nani anajibu, mwaka gani, anayejibu anahitaji nini.

Kitabu_Mkononi

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Bi Wino, ile ya Truth naichukua kama ilivyo.

Bado nina tatizo la mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama. Kila kijana "anajua" Rosa Parks alichoka, akakaa, King akahutubia, sheria ikabadilika. Wakishajua hivyo hawasikilizi tena. Nifanyeje?

Chaki_Nyeupe

Waulize nani alichapa makaratasi.

Siyo mzaha. Parks alikamatwa Alhamisi jioni, 1 Desemba 1955. Jumatatu tarehe 5 mabasi yalikuwa hayana abiria Weusi, na hao ndio waliokuwa karibu robo tatu ya wateja. Katikati pana siku tatu. Hilo haliwezi kutokea kwa mtu mmoja kuchoka. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alikesha chuoni na wanafunzi wake wawili wakirudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi, tangazo moja likirudiwa mara tatu katika kila karatasi ili wakate. Baraza hilo lilikwisha mwandikia meya Mei 1954 kumwonya kwamba mgomo unaweza kuitishwa. Na 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, Claudette Colvin mwenye miaka 15 alikataa kusimama akakamatwa. Umri wake uutaje taratibu, ndio umri wa walio mbele yako.

Kisha chora basi ubaoni, si viti sakafuni (Mkondo ameshasema). Viti 36: kumi vya mbele vya Wazungu, kumi vya nyuma vya Weusi, kumi na sita vya kati vinavyobadilika kwa amri ya dereva. Parks alikaa eneo la kati, hakukaa kwenye viti vya Wazungu kama wengi wanavyosimulia. Mzungu mmoja alibaki amesimama, dereva akawaamuru Weusi wote wanne wa safu ile wainuke, kwa sababu Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kukaa safu moja. Watatu wakainuka. Ukiwa na mchoro, kijana anaona kanuni yenyewe ilivyo ya ajabu bila wewe kuhubiri.

Halafu wape madai ya mwanzo ya mgomo. Yalikuwa ya kiasi sana: madereva wawe na adabu, watu wakae kwa kuwahi, Weusi kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele, na waajiriwe madereva Weusi kwenye njia za Weusi. Hawakudai kwanza kufutwa kwa utengano. Vijana hapo hukasirika kidogo, na hapo ndipo mjadala unapochemka: kwa nini uombe kidogo? Nini kilibadilisha madai? Uongozi wa jiji kukataa hata hayo.

Mwisho, usafiri. Siku 381 watu walikwendaje kazini? Teksi za Weusi zilianza kutoza senti 10, sawa na nauli ya basi, jiji likalazimisha nauli ya chini ya senti 45. Wakapanga magari ya kubebana, yapatayo 300. Bima za magari zikafutwa, wakapata nyingine London. Lipe kila kundi tatizo moja dakika 15 walitafutie ufumbuzi kabla hujasoma kilichotokea. Na kilichomaliza mambo mahakamani ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle. Walalamikaji wanne waliofika nayo mwisho ni wanawake, Colvin akiwamo, Parks hayumo. Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu ya kufuta utengano mabasini Novemba 1956, mabasi yakafunguka kwa wote 21 Desemba.

Bi_Wino

Kuhusu kazi za kuandika, maana hakuna aliyejibu. Usiwaambie "jifanye mtumwa uandike shajara". Utapata shajara 24 zinazofanana, mijeledi na machozi, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye ushahidi. Badala yake:

Baada ya matangazo ya ndugu waliopotea, aya moja ya maneno 120: tunajua nini kuhusu mtu huyu, tunakisia nini, hatuwezi kujua nini. Kila sentensi ya sehemu ya kwanza, ya tunachojua, ielekeze kwenye neno lililomo katika tangazo. Wanaokwama hukwama kwenye kukisia, wape mwanzo wa sentensi, "Huenda... kwa sababu tangazo linasema ...".

Baada ya Truth, barua kwa mchapishaji wa kitabu cha shule ikieleza toleo lipi litumike na kwa nini. Hiyo ndiyo kazi bora ya mfululizo mzima kwa maoni yangu, ipe wiki mbili.

Mashairi wayaandike kwa Kiswahili, na ruksa kutumia vina na mizani wakitaka. Shairi la barakoa la Dunbar linaitika vizuri likijibiwa kwa tarbia. Usiwalazimishe watafsiri, wajibu.

Mkondo

Bi Wino, ya mashairi sawa. Ila barua ya wiki mbili kwa walio na miaka 13 naona ndefu. Wawili waandike moja.

Bi_Wino

Sawa, wawiliwawili kwa wadogo. Wa 15 na 16 waandike peke yao.

Kitabu_Mkononi

Swali la mwisho: fotokopi za haya yote zinaruhusiwa? Na nilitaka nitoe hotuba ya King ya 1963 nzima kwa kila mtu.

Chaki_Nyeupe

Wheatley, Douglass, Truth, Wells, Dunbar na lile la Hughes la 1921 hayana shida, haki zake Marekani zimekwisha kwa umri. Hotuba ya King bado ina mwenyewe, wasimamizi wa urithi wake huidai kweli. Usirudufu nzima. Wasikilize rekodi, wewe uwe na aya moja ya kuchambua ubaoni.

Fotokopi zifanye za karatasi moja kwa watu wawili, maandishi upande wa kushoto tu, kulia pabaki patupu pa kuandika. Weka namba kila baada ya mistari mitano, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kwenye "uko wapi?", "ukurasa gani?". Maneno magumu yasizidi kumi kwa ukurasa, maana yake uyaweke chini palepale, usiyaweke kwenye karatasi ya pili. Karatasi ya pili hupotea siku ya kwanza.